Je, Mashine za Masikio Zinabatilisha Saumu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzee wa miaka 63, nipo Tanga. Tangu ujana nimefanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na masikio yamekufa. Wanangu walichanga wakaninunulia mashine za masikio za kunisaidia kusikia. Mwenzetu mmoja msikitini ameniambia Ramadhani nizivue kutwa, eti kila kinachoingia tundu lililo wazi kinafunguza, na kwamba mtihani wa Mungu hauzibwi kwa mashine, bora nisubiri. Usiku masikio yanapiga mluzi. Wapo wanaosema ni jini. Nimeacha sala ya jamaa, nasali nyumbani. Je, nilipe siku nilizofunga nikiwa nimezivaa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mzee wetu, saumu zako ni sahihi. Hudaiwi hata siku moja, na Ramadhani ijayo zivae tangu daku mpaka tarawehe.

Aliyekwambia vile hakulitunga neno lake, ila alisoma nusu ukurasa. Ni kweli vitabu vya Kishafii tulivyosomeshwa madrasa vinahesabu tundu la sikio kuwa ni njia ya kuingia ndani ya mwili, na kauli iliyopewa nguvu ni kwamba dawa ikitiwa humo mtu amefungua. Lakini Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, katika kitabu chake al-Majmu', ametaja kauli ya pili ya Mashafii wenyewe: haifunguzi. Wameisema wanavyuoni kina Qadhi Husein, na Ghazali akaiona ndiyo sahihi. Waliifananisha na wanja, unaotiwa jichoni na usifunguze.

Basi khitilafu yao ilikuwa juu ya jambo la mwili: je, sikio lina njia ya kufika ndani? Leo hilo halibishaniwi. Tundu la sikio linaishia kwenye ngoma ya sikio, na ngoma ikiwa nzima hakipiti kitu. Ndiyo maana Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lilipokaa Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa hata dawa ya matone ya masikio haifunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Ikiwa dawa ya maji haifunguzi, kipande cha plastiki kikavu kinachokaa mlangoni mwa sikio kitafunguza vipi? Hata aliyetoboka ngoma, plastiki haiyeyuki ikateremka kooni.

Maneno yake ya pili, kwamba usubiri bila mashine, ndiyo mabaya zaidi. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Akavaa pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu. Dhahabu, ambayo ni haramu kwa mwanamume! Hakuambiwa abaki na tundu usoni ili apate thawabu. Na Mtume (s.a.w.) amesema tujitibu, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa.

Najua watakuletea hadithi ya yule mwanamke mwenye kifafa aliyeahidiwa Pepo akisubiri. Waisome yote. Yeye mwenyewe alipewa hiari akachagua, na hapohapo akaomba aombewe dua asifunuke nguo anapoanguka. Hakuna aliyemchagulia. Anayemchagulia mwenzake kusubiri aanze kwa kuvua miwani yake.

Ama huo mluzi, mashine za kusaga zimekuharibia vinyweleo vidogo vya sikio la ndani. Hivyo vikishakufa havioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyoizoea huanza kujitengenezea yake, na usiku kwenye kimya ndipo inapozidi. Hakuna jini hapo. Ipo hadithi kwamba sikio likilia mtu amsalie Mtume (s.a.w.). Nawawi ameiweka katika kitabu chake al-Adhkar, lakini Uqaili, mwanachuoni wa hadithi, amesema haina asili, na mwenzake Ibn al-Jauzi kaiingiza katika hadithi za kuzuliwa. Na hata hiyo haikutaja jini! Kumsalia Mtume ni kheri saa zote. Kwa usingizi, washa feni au redio kwa sauti ya chini. Mimi sipendi Qur'ani iwekwe hapo kwa ajili ya kufunika mluzi tu, maana tumeamrishwa isomwapo tuisikilize. Ukiisikiliza mpaka ukapitiwa na usingizi, hilo ni jambo jingine.

Usikubali mtu akumiminie sikioni mafuta ya nazi wala maji ya kitunguu saumu. Na siku sikio moja likizima ghafla, au mluzi ukipiga sawa na mapigo ya moyo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Sasa rudi kwenye sala ya jamaa. Unapotia udhu zivue upake masikio maji. Ukisahau, udhu wako ni sahihi kwetu Mashafii, kwani kupaka masikio ni sunna. Kwenye josho la janaba lazima zitoke, maji yafike kwenye mikunjo ya sikio. Ukipiga takbira ya kuhirimia mashine zikalia "wiii", ni kwa sababu viganja vimezikaribia. Inua mikono usawa wa mabega, nayo imethibiti katika sunna, wala kofia isizibane. Usipomsikia imamu, fiqhi imeshakufikiria: soma sura mwenyewe baada ya Fatiha, na qunuti ya alfajiri isome mwenyewe. Wala usipige kelele ukitaka kujisikia. Sharti ni sauti ambayo mwenye masikio mazima angejisikia nayo, basi. Kaa safu ya mbele umwone imamu, mbali na spika, kwa sababu mashine hizo zinakuza kila kitu, hata mngurumo.

Na wewe uliyemwambia mzee wetu maneno yale, kama unasoma hapa: umemtoa mtu msikitini. Mfuate nyumbani kwake umtake radhi, na unapozungumza umkabili usoni, polepole, bila kupayuka.

Wallahu aalam.