Punguza Ndege, Usipunguze Kuruka: Kumiliki Ndege Ndogo kwa Bei ya Gari

Watu wa nyumbani Kenya wakisikia kwamba nina ndege, swali la pili huwa ni mkopo. Wanadhani nimeomoka. Nusu ya ndege ni yangu, nusu nyingine ni ya mwenzangu, mzee mstaafu wa hapa Minnesota, na ile nusu yangu iligharimu pesa kidogo kuliko Toyota ya mtumba ninayoendesha kwenda kazini. Maswali yamekuwa mengi, ya kweli na ya utani, kwa hiyo nayajibu yote hapa.

Kinachowashinda wengi ni ukubwa wa ndege waliyojifunzia. Hapa Marekani wengi wetu tunajifunza kwa Cessna 172: viti vinne, injini ya nguvu za farasi 160 au 180, petroli ya ndege kama lita 32 kwa saa. Kuikodi ni dola 150 hadi 200 kwa saa, kutegemea kiwanja. Ukishapata leseni unaona ni lazima umiliki kitu kama hicho, unauliza bei, unakata tamaa, na baada ya miaka miwili leseni inalala kabatini.

Kabla hujafika huko, fungua daftari lako la safari ulisome kwa makini. Ulipaa na nani? Kwenda wapi? Langu lilisema wazi: peke yangu au na mtu mmoja, mchana, siku ya anga safi, mwendo wa saa moja hivi hadi kiwanja cha mji jirani kunywa kahawa na kurudi. Vile viti viwili vya nyuma nilikuwa nikivilipia vibebe koti langu. Ndipo nikaamua kupunguza ndege ili nisipunguze kuruka.

Ngazi ya chini kabisa kisheria ni ndege za kiti kimoja zinazoangukia kifungu cha 103 cha kanuni za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani: uzito mtupu usizidi kilo 115, tangi lisizidi lita 19, mwendo usizidi kama kilomita 102 kwa saa. Hazihitaji leseni wala usajili, ila hazipiti juu ya maeneo yenye watu wengi. Sheria haikudai mwalimu, lakini mimi nakudai: usipande bila mafunzo.

Ngazi inayofuata ni leseni ya rubani wa michezo, iliyoanza mwaka 2004. Inataka saa zisizopungua 20 za mafunzo, wakati ile ya rubani binafsi inataka 40, ingawa wachache humaliza kwa kiwango hicho cha chini. Badala ya cheti cha daktari wa FAA unaweza kutumia leseni yako ya gari. Hapa kuna mtego wa kuujua mapema: ukiomba cheti cha daktari ukanyimwa, mlango wa leseni ya gari nao unafungwa mpaka jambo hilo litatuliwe. Mwenye kisukari au tatizo la moyo aongee kwanza na daktari anayezijua kanuni hizi, kabla ya kujaza fomu yoyote. Tangu Oktoba 2025 kanuni mpya ya MOSAIC imepanua mambo sana. Zamani rubani wa michezo alifungwa na uzito wa kilo 600. Sasa kipimo ni mwendo ambao chini yake mabawa hayabebi tena ndege, flapu, vile vibamba vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimekunjwa, na usizidi kama kilomita 109 kwa saa. Ndege nyingi za viti vinne zinaingia humo, ila abiria anabaki mmoja.

Leseni hata hivyo haipunguzi gharama ya ndege yenyewe. Gharama inapungua ukiingia kwenye ndege za kujiundia.

Hizi ni ndege ambazo zaidi ya nusu ya kazi ya kuziunda imefanywa na watu wasio wa kiwanda, kwa kujifunza au kujiburudisha. FAA inazisajili kama za majaribio, na ndani yake kuna kibao kinachomwambia abiria hivyo. Huwezi kuzifanyia biashara ya kubeba watu. Lakini kazi ya kila siku ya matengenezo, kubadilisha oili, matairi, breki, hata redio, mwenye ndege anaruhusiwa kuifanya kwa mikono yake. Vifaa navyo si lazima viwe na ile mihuri ya uthibitisho inayopandisha bei mara kadhaa. Skrini ya vipimo ya Dynon utakayoifunga kwenye ndege ya kujiundia ni nafuu mno ukilinganisha na ile iliyothibitishwa kwa ajili ya Cessna. Ukaguzi wa kila miezi kumi na miwili unafanywa na fundi mwenye leseni ya FAA, au na aliyeiunda ndege kama alichukua cheti cha ufundi cha ndege hiyo. Cheti hicho ni cha mtu. Ukiinunua ndege kwake, hakihamii kwako.

Sasa, uunde au ununue?

Jimbo hili lina historia yake. Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove, aliunda ndege ya mbao na kitambaa mwishoni mwa miaka ya 1920, akaifunga injini ya Ford ya gari, na mpaka leo watu wanaiunda ndege hiyo, Air Camper, kwa michoro yake. Wengine hununua seti ya vipande kiwandani: Zenith wa mji wa Mexico, Missouri, Sonex wa Oshkosh, Van's wa Oregon. Ni kazi tamu, na ni kazi ndefu. Saa elfu moja ni jambo la kawaida, na ukiwa na kazi mbili na watoto, saa elfu moja ni miaka. Nimeingia gereji nyingi nikakuta mkia umekamilika na bawa moja, vumbi juu, na mwenyewe hataki kuulizwa.

Ushauri wangu ni mkavu: unda ikiwa kuunda ndiko unakokupenda. Kama unachopenda ni kuruka, nunua iliyokwisha kuundwa. Ukiwa na shaka, Zenith wana warsha ya siku mbili ambapo unaunda usukani wa mkia na kuondoka nao. Baada ya siku hizo mbili za kutoboa na kupiga ribiti utajua wewe ni mtu wa aina gani, kwa gharama ndogo sana kuliko seti nzima.

Sisi tulinunua Kitfox ya zamani, mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, viti viwili ubavu kwa ubavu, gurudumu dogo mkiani, na injini ya Rotax 912 ya farasi 80. Wakati tunatafuta, za aina hiyo ziliuzwa kati ya dola 20,000 na 35,000. Mabawa yake yanakunjwa nyuma, ikaweza kuingia kwenye kona ya hanga, banda la ndege, ya mtu mwingine. Katika jimbo ambalo barafu inakaa miezi mitano, hanga ndiyo gharama inayouma kuliko zote, kwa hiyo bawa linalokunjwa ni pesa taslimu.

Ndege ya kujiundia unayoinunua mkononi mwa mtu, unanunua pia mikono ya mtu huyo. Omba picha za ujenzi. Soma vitabu vya kumbukumbu ukurasa kwa ukurasa, na pengo la miaka mitatu lisilo na maandishi uliulizie. Karatasi ya masharti ya uendeshaji iwepo, maana bila hiyo ndege hairuki kihalali. Mpate mtu anayeijua aina hiyo hasa aikague, si fundi yeyote wa kiwanjani. Kwenye kitambaa uliza umri wake na kama ndege ililala nje, kwa sababu jua ndilo linalokiua. Kwenye Rotax uliza vipande na mabomba ya mpira vilibadilishwa lini: kiwanda kinataka vibadilishwe kila miaka mitano, na wauzaji wengi husahau kwa urahisi sana. Pia iwekwe kwenye mizani upya. Uzito ulioandikwa siku ya kwanza, kabla ya redio ya pili na viti vya ngozi, ni hadithi tu.

Tena ijue historia ya aina yenyewe. Zodiac CH 601 XL ni mfano mzuri. Baada ya kadhaa kuvunjika angani, mwaka 2009 bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilitaka zisimamishwe, na mwisho wa mwaka huo yakatoka marekebisho ya kuimarisha mabawa na mifumo ya uendeshaji. Ukiiona moja inauzwa kwa bei ya kutupwa, swali la kwanza ni kama marekebisho hayo yamefanywa na yameandikwa.

Kuhusu hesabu. Hanga, bima, ukaguzi na vitu vidogovidogo vinatugharimu kama dola 5,000 kwa mwaka, kila mmoja 2,500. Mafuta ni kama lita 15 kwa saa, na Rotax inakubali petroli ya kawaida. Minnesota ina bahati, vituo vingi vinauza isiyo na ethanoli, nayo ndiyo tunayoitumia. Tunaweka dola 15 kila saa kwa ajili ya injini. Kwa hiyo kila saa ya kuruka inakula kama dola 32, juu ya zile 2,500 ambazo zinaliwa hata ukilala nyumbani. Ukiruka saa 60 kwa mwaka, saa inakujia kama dola 74. Ukiruka saa 15, inakujia karibu dola 200, na hapo ingekuwa afadhali ukodi ya watu. Mimi ningesema chini ya saa 25 kwa mwaka usijisumbue kumiliki. Jiunge na klabu.

Ubia nao ni kama chama: unakufa siku pesa inapoongelewa kwa mara ya kwanza ikiwa tayari kuna ugomvi. Andikeni mapema nani anaruka wikendi ipi, nani analipa akivunja, na mtu akitaka kutoka sehemu yake inauzwaje.

Kwa sisi wahamiaji kuna karatasi za ziada. Asiye raia, hata mwenye grini kadi, lazima apitishwe na TSA, idara ya usalama wa usafiri, kabla ya mafunzo ya leseni ya kwanza. Kusajili ndege kwa jina lako kunataka uraia au grini kadi. Mwenye viza ya masomo au ya kazi anaweza kuruka na kukodi, lakini usajili utamkwamisha.

Ukishaipata, usiirushe kama 172. Ndege nyepesi yenye buruto kubwa, yaani inayozuiwa sana na hewa, haina akiba ya mwendo: ukifunga gesi, mwendo unaisha papo hapo. Injini ikizimika wakati wa kupaa, shusha pua kwanza, fikiri baadaye. NTSB walizichunguza ndege za kujiundia mwaka 2012, wakakuta kwamba ajali nyingi zinatokana na injini kufeli na rubani kupoteza udhibiti, na kwamba saa za mwanzo ni za hatari, kwa ndege mpya na kwa mmiliki mpya vilevile. Tafuta mwalimu wa aina hiyo hiyo. Gurudumu la mkiani linataka mafunzo na saini ya mwalimu kwa vyovyote. Tawi la EAA la karibu nawe, jumuiya ya waundaji na wapenzi wa ndege ndogo iliyoanzishwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953, lina washauri wa kujitolea kwa ujenzi na kwa safari za kwanza, na hawatozi chochote.

Mwisho, kwa wanaoniuliza kuhusu kupeleka ndege ya namna hii Kenya. Kuruka kwa burudani si jambo geni kwetu: Aero Club of East Africa ipo tangu 1927, na kiwanja cha Orly kule Kajiado kimejaa ndege ndogo. Lakini kiwanja chetu cha Blaine kiko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na Wilson ya Nairobi iko karibu 1,700. Injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake hapo, hata kabla jua halijachomoza vizuri, kwa hiyo farasi wako 80 wanabaki 66 hivi. Ndiyo maana huko ni afadhali uangalie Rotax 914 ya turbo, yenye farasi 115, ingawa bei yake inapanda. Na kabla hujalipia kontena nenda KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, uulize kwa maandishi, kwa kuwa cheti cha majaribio cha FAA hakikupi haki ya kuruka nje ya Marekani.