Kabla hujapeleka sampuli kwenye mashine ya kusoma DNA, shughulikia DNA ya mwenyeji

Wanafunzi wanaotaka kusoma jenomu (yaani DNA yote) za bakteria wanaoishi ndani ya seli wakija kwangu swali la kwanza huwa ni mashine, nitumie ya vipande vifupi au ya vipande virefu, programu gani nzuri ya kuunganisha vipande hivyo, kompyuta iwe na nguvu kiasi gani. Na mi jibu langu ni lilelile siku zote, hayo tutayaongea, kwanza niambie utaitoaje DNA ya mwenyeji, yaani yule ambaye bakteria wanaishi ndani ya seli zake. Nimefanya hii kazi muda sasa na sijaona kitu kinachoamua matokeo zaidi ya hicho.

Piga hesabu tu. Seli moja ya binadamu ina herufi kama bilioni 6 za DNA ukihesabu nakala zote mbili, klamidia mmoja, bakteria wa ugonjwa wa zinaa, ana milioni 1 hivi. Kwa hiyo hata seli ikijaa klamidia 100, ukivunja kila kitu kwa pamoja ukasoma, ya bakteria haifiki asilimia 2, iliyobaki yote ni binadamu, na swabu ya mgonjwa, ile pamba ya kuchukulia sampuli, kwa kawaida haina hata huo wingi.

Njia ninayoiamini kwa bakteria waliokuzwa maabara ni hii: pasua seli za mwenyeji taratibu, usitumie nguvu, bakteria wabaki wazima, halafu weka DNase ile enzaimu inayokula DNA. Itakula ya mwenyeji iliyomwagika nje, ya bakteria iko ndani ya kuta zake haiguswi. Kisha iue hiyo enzaimu vizuri kwa kemikali ya EDTA na joto NDO uvunje bakteria, maana ukiharakisha hapa itageuka ikule ile ile unayoitafuta. Kwa klamidia subiri mpaka yale maumbo madogo ya kuambukiza yawe mengi ndo uvune, yale magumu yanayotoka seli moja kwenda nyingine, yanavumilia mikikimikiki ya sentrifuji kuliko yale makubwa yanayogawanyika ndani.

Swabu ni habari nyingine, huko huna bakteria wa kuchezea. Kuna vinasio vya RNA vinavyotengenezwa kwa kufuata jenomu inayojulikana, vinavuta DNA ya bakteria na kuiacha ya binadamu, na kwa klamidia vimefanya kazi moja kwa moja kwenye swabu bila kumkuza kwanza. Ila kumbuka kinasio kinavuta kinachokifahamu, jeni ngeni kabisa itakupita. Kuzidisha DNA kwa enzaimu ya phi29 mimi naiweka ya mwisho kabisa, sehemu zingine zinasomwa mara elfu zingine hazionekani, na vipande visivyojuana vinaunganishwa.

Sasa kwa nini nakazania hivi? Kwa sababu kwa hawa viumbe habari kubwa ni kile KISICHOKUWEPO. Rickettsia prowazekii, yule wa taifasi inayoenezwa na chawa, jenomu yake ilitoka 1998, herufi 1,111,523 na jeni 834 tu za protini, karibu robo ya jenomu haibebi maelekezo ya protini yoyote. Bakteria wa ukoma, 2001, ana jeni zilizokufa zaidi ya 1,000 huku zinazofanya kazi ni kama 1,600. Wanapata vitu vingi kwa mwenyeji, jeni za kujitengenezea zinakosa kazi, zinaharibika kidogo kidogo mpaka zinafutika. Na hiyo orodha ya vilivyopotea ni dhahabu! Tropheryma whipplei, bakteria wa ugonjwa wa Whipple, alisumbua watu miaka mingi hakui nje ya seli, jenomu ilipotoka 2003 ikaonekana hana njia za kutengeneza amino asidi kadhaa, watafiti wakamwekea hizo amino asidi kwenye chakula na akakua bila seli yoyote. Uswidi nako 2006 klamidia alionekana akipita kwenye baadhi ya vipimo kama hayupo, kumbe plasmidi yake, kile kiduara kidogo cha DNA kilicho pembeni ya kromosomu, imepoteza herufi 377 palepale vipimo vilipokuwa vinaangalia, wagonjwa wakaambiwa hawana.

Kwa hiyo ukiandika "jeni hii haipo" umesema jambo zito, watu watatengeneza chakula cha maabara, vipimo na dawa kwa kukuamini, na kama mwenyeji amekula nafasi yote kwenye data yako huwezi kujua jeni imepotea kweli au haikusomwa tu. Hapo ndo mashine ya vipande virefu inalipa, jenomu hizi ni za duara, ikifunga duara bila pengo basi kisichokuwepo hakipo. Kama haijafunga, tengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) pande zote mbili za pengo ufanye PCR, ile njia ya kunakili kipande cha DNA, ya kuvuka. Zile programu zinazokadiria ukamilifu kwa kuhesabu jeni za kawaida usiziache zikuamulie, jenomu iliyopungua kiasili zitakwambia haijakamilika hata kama imefunga duara, linganisha na ndugu zake wa karibu. Na ukichuja DNA ya mwenyeji kwenye kompyuta usilegeze sana kichujio, mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli vyenye DNA yake, na Rickettsia wana undugu wa mbali, unaweza kumfuta unayemtafuta.

Upande wa pili pia upo, jeni kuwepo bila bakteria. 2007 ilitangazwa kwamba nzi wa matunda Drosophila ananassae amebeba karibu jenomu nzima ya Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu, ndani ya kromosomu zake mwenyewe, na nzi waliotibiwa kwa antibayotiki bado walikuwa nazo. Ukifanya kazi na wadudu weka kundi lililotibiwa tangu mwanzo, zile jeni zitakazobaki baada ya dawa usimwandikie bakteria.