Kuumwa kichwa na kuona ukungu: usiishie kwenye miwani

Dada wa Makambako, umeeleza kwamba kichwa kinakuuma kwa miezi kadhaa, macho hufunga ukungu unapoinama, na miwani mipya haikusaidia. Ukungu huo unanitia shaka kuliko maumivu yenyewe, kwani unaweza kutokana na shinikizo kubwa ndani ya fuvu, ambalo daktari wa macho huweza kuona dalili zake akichunguza nyuma ya jicho. Pima presha ya damu mapema, kisha uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Dawa za maumivu zikimezwa kila siku nazo zinaweza kuendeleza maumivu ya kichwa. Jiko la mkaa nalo lisiingie chumbani, hata baridi ikizidi, kwani hewa yake ya sumu huumiza kichwa. Ukitapika mfululizo, ukiona vitu viwili viwili au mkono ukilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo.