Nguo ya jukwaani hushonwa ili itoke

Tangu nishinde shindano la vichekesho mwezi uliopita, naulizwa swali lile lile, na juzi dada mmoja wa Kayole ameniandikia: mama mboga niliyemwigiza jukwaani aligeukaje kuwa kanjo, yaani askari wa jiji, kabla watu hawajamaliza kucheka? Anataka kuingia shindano lijalo. Dada yangu, jibu liko kwa fundi. Nguo ya kawaida hushonwa ikae mwilini. Ya jukwaani hushonwa ili itoke.

Mimi huanzia Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Natafuta koti pana la mitumba, nampelekea fundi alipasue mgongoni kuanzia kola hadi pindo, kisha aweke velkro, ule utepe unaonatana na kubanduka ukivutwa, mahali pa mshono. Vifungo vya mbele hubaki pambo tu. Sketi ya mama mboga, leso na aproni vimeshonwa pamoja vikawa nguo moja: nikivuta kamba ya kiunoni, vyote vinaanguka. Viatu usibadilishe. Raba nyeusi zinawatosha wahusika wote. Watu hutazama kichwa kwanza, kwa hiyo kilemba na kofia ndivyo vya kugharimia.

Shida ya velkro ni kelele. Ndiyo maana mama mboga wangu hupiga nduru, "Kanjo! Kanjo!", anapojificha nyuma ya mwavuli wa kibanda. Nduru inafunika sauti ya velkro, mwavuli unafunika mwili, na anayeinuka pale ni kanjo mwenyewe, akiuliza mama kapitia wapi. Hapo ukumbi mzima unapiga meza. Bila kichekesho hicho, ningekuwa navua nguo tu mbele za watu.

Msimamizi wa ukumbi mmoja mjini aliwahi kuniondoa kwenye orodha akisema huu ni mchezo wa watoto wa chekechea. Nilikuwa nimesimama pale na begi langu la maleba, wenzangu wanasikia. Bado linaniuma. Mtaliano Leopoldo Fregoli, aliyezaliwa Roma mwaka 1867, alijaza kumbi kubwa za Ulaya kwa kazi hii hii ya kubadili mavazi upesi, akicheza wahusika wote peke yake. Jina lake lilifika hadi kwa madaktari: tangu 1927 wanalitumia kuita maradhi ya mtu anayeamini kwamba watu mbalimbali anaokutana nao ni mtu mmoja anayejibadilisha. Na mwenzake wa siku zetu, Arturo Brachetti, amezeeka jukwaani akiifanya. Hao nao ni watoto wa chekechea?

Basi asikudharau mtu. Lakini nawe usiidharau kazi yako kwa kupanda jukwaani na nguo ambayo fundi ameimaliza jana. Vaa, vua, vaa tena, gizani, huku ukisema maneno yako kwa sauti, mpaka mkono uijue kamba bila macho. Kisha mtu akurekodi kwa simu kutoka pembeni, maana waliokaa pembeni ndio huona nyuma ya mwavuli. Mimi humpa kazi hiyo mdogo wangu, kwa sababu hana huruma.