Ukitumwa kutathmini huduma za TB kituo cha afya, anzia maabara

Wengi mkifika kituoni mnakimbilia kwa mganga mfawidhi, mnaomba ripoti ya robo mwaka, mnakuta asilimia ya waliopona iko juu, mnapiga picha ya pamoja mnasepa. Hiyo asilimia inahesabu waliosajiliwa kuanza dawa tu. Aliyekutwa na vimelea kwenye makohozi afu hakurudi kuchukua majibu hayumo kabisa, hata kwenye waliopotea, yaani walioacha dawa katikati, hayumo, na ndo huyo anaendelea kukohoa ndani ya daladala.

Mi kwa vituo nilivyopita huku Dodoma naomba rejista ya maabara kwanza, naiweka pembeni ya rejista ya matibabu, kila aliyekutwa na TB namtafuta jina kwa jina. Inachosha jamani, maana maabara mtu kaandikwa jina la ubatizo, kwenye dawa kaandikwa la babu. Usiyemwona usikimbilie kuandika hajaanza dawa, muulize nesi kwanza, huenda kapewa rufaa kwenda kituo cha karibu na kwao.

Kwa walioacha dawa, angalia wameacha mwezi wa ngapi. Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi 6, miwili ya kwanza dawa aina nne, minne inayofuata aina mbili, sasa mtu akimaliza ile miwili kikohozi kimekata, mwili umerudi, anajiona mzima, na kama ndo mvua za Desemba zimeanza basi kashahamia shambani Kiteto huko, kituo kinamwandika mtoro. Mtoro wapi bana, kaenda kulima! Uliza kama kuna anayemuuliza mgonjwa siku ya kwanza, msimu huu unalima wapi, ili apangiwe kituo cha kule mapema.

Watoto chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa nao waulizie, wamechunguzwa? Wasio na TB wamepewa dawa kinga? Hapo mara nyingi utakuta kurasa nyeupe.

Matokeo ya matibabu chukua ya walioanza dawa mwaka jana robo kama hii, wa juzi bado wanameza.

Afu uliza vocha ya kumpigia aliyechelewa dawa inatoka mfuko wa nani. Nimekuta nesi anajitolea mwenyewe kila mwezi, na hilo liandike kwenye ripoti hata kama mratibu wa TB wa wilaya atanuna.