Barua kwa mwanangu: kuhusu zamu yako ya vikombe

Tukuyu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, nikaona barua ndiyo itakujibu vizuri kuliko simu. Unasema ushirika wenu hapo Mbeya umekupa zamu ya kuosha vikombe vya Meza ya Bwana na kusafisha choo cha nje, wenzako wa rika lako wanaimba kwaya, na waumini wengi hawajui hata jina lako. Ukauliza: "Mama, nikilipua nani atajua? Kweli Mungu anakagua vikombe?"

Unazikumbuka sadaka za mavuno na ule mnada wa nje ya kanisa baada ya ibada: mikungu ya ndizi, viazi, maharage, kuku. Kila mwaka hayakosekani maharage yaliyotobolewa na wadudu, na jogoo anayechechemea. Ila ikitangazwa kwamba Askofu anakuja, jogoo mnono hupatikana, hata wa kukopa kwa jirani! Nabii Malaki aliwakuta watu wa namna hii, wakitoa sadaka wanyama vipofu na vilema. Akawaambia, haya, mpelekeeni liwali wenu, tuone kama atawapokea. Daudi naye alipotaka kujenga madhabahu, Arauna alimpa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe. Akakataa. Alilipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu.

Kwa hiyo usiniulize kikombe kina ukubwa gani. Kinakugharimu nini? Asubuhi yako ya Jumamosi, baridi ya Juni, na sifa ambazo hutazipata. Hiyo ya mwisho ndiyo ghali, na ndiyo hasa inayokuuma, nakujua.

Sasa kazi yenyewe. Usivirundike vikombe vyote kwenye beseni moja, vitagongana na kupasuka midomo. Osha kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu. Kwa kuwa ni vyembamba, funga kitambaa safi kwenye kijiti ufikie chini, maana divai hukaukia huko na kuacha alama. Suuza mpaka harufu ya sabuni iishe kabisa, mzee wa watu asije akaonja sabuni mezani pa Bwana. Choo nacho kina watu wake: mjamzito, bibi mwenye magoti mabovu, mtoto aliyekuja kanisani peku. Usipowaona hao, utabaki unamfanyia kazi mzee wa kanisa anayepitia orodha ya zamu, na huyo ukimlipulia kazi kweli hatajua.

Dorkasi wa Yafa, yule wa Matendo ya Mitume, hatuna hata neno moja alilolisema. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hata hapa kwetu, mmisionari Theodor Meyer na wenzake waliofika Rungwe mwaka 1891 tunawataja. Waliowachotea maji na kuwapikia, nani anawataja?

Lakini usije ukafurahia mno kujificha. Kuna watu hutumika kimyakimya halafu wanahakikisha kila mtu amejua kwamba wao ni wa kimyakimya. (Tunao wawili watatu hapa, siwataji.) Mtu akikushukuru, pokea, sema ahsante, endelea.

Na kumpa Mungu kilicho bora si kujimaliza. Ukitoka kazini usiku na macho yanafumba, mwombe mwenzako mbadilishane zamu. Bora vioshwe na mwingine aliyelala kuliko uvivunje wewe kwa usingizi. Kwaya nayo, kama unaitamani, nenda ukaombe. Si dhambi kutaka kuimba.

Kesho nitampa konda wa kosta ya asubuhi mkungu wa ndizi na taulo za pamba za kufutia vikombe, zile nyepesi zisizoacha manyoya. Zifue kwanza. Mpokee pale Uyole, na usimcheleweshe, maana huwa ana maneno.

Baba yako anakusalimu.

Mama