Mzee wa Mjengo: Fungueni chemba kabla ya kufungua pochi

*Maswali ya wasomaji kuhusu kununua na kukarabati nyumba kuukuu Nairobi*

SWALI: Habari ya siku nyingi, Mzee. Mimi na mume wangu tumepanga Donholm tangu tuoane, na kodi imetuchosha. Sasa tumeoneshwa mezoneti ya vyumba vitatu Buruburu kwa shilingi milioni 10. Mbele, palipokuwa na bustani, mwenyewe amejenga bedsita nne, za chumba kimoja kimoja, za kupangisha, na dalali anatuambia kodi yake itatulipia mkopo wa benki. Rangi ni mpya ndani na nje. Mume wangu anataka tulipe amana wiki hii kabla haijachukuliwa. Mimi moyo unasita. Tuangalie nini? — *Mama wa Watatu, Donholm*

JIBU: Mama, salamu zimefika. Buruburu mmechagua vizuri. Ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, ikapewa kuta za mawe, uwanja mdogo kila nyumba, na njia za ndani ambamo magari hayana sababu ya kukimbia. Tangu barabara ya Outering ipanuliwe, watu waliokuwa wakiidharau Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, wameanza kuulizia bei. Kwa hiyo simlaumu mumeo kwa haraka yake. Ninachokitilia shaka ni ile rangi.

Nyumba ya umri huo ikipakwa rangi majuma machache kabla ya kuuzwa, rangi hiyo imewekwa kwa ajili yako wewe mnunuzi. Huenda ni usafi tu, na huenda inaficha nyufa na unyevu. Msibishane na rangi. Nendeni kwenye yale isiyoweza kuyafunika, na la kwanza ni chemba ya maji taka, lile shimo lenye kifuniko la kukagulia njia ya uchafu.

Nyumba hizi zimepangwa safu safu, na maji taka ya safu nzima hupita kwenye njia moja. Njia hiyo ilipimwa kwa familia moja kila mlango. Ongeza bedsita nne, kila moja na choo chake, na bomba lilelile sasa linabeba familia tano. Jirani naye ameongeza zake, na wa tatu vilevile. Hapo ndipo unakuta mtu amelipa mamilioni, halafu Jumapili asubuhi sakafu ya bafu lake inatapika uchafu wa watu asiowajua.

Nendeni siku ya kazi, saa moja asubuhi, wakati kila mtu anaoga. Mumeo ainue kifuniko cha chemba asimame pale. Wewe panda juu, fungua mifereji yote, kisha vuta maji ya vyoo vyote kwa wakati mmoja. Maji yakipita mbio na chemba ikabaki tupu, mshukuru Mungu mwendelee. Yakijaa, yakasimama, yakaanza kushuka polepole, mbele kuna kizuizi. Mwambie pia aangalie kuta za chemba kwa ndani: ikiwa kuna mstari wa mafuta na uchafu umezunguka pande zote, hapo ndipo maji hufika yakirudi nyuma. Mstari huo hakuna anayekumbuka kuupaka rangi.

Na je, mkiuliza chemba iko wapi, muuzaji akawaonesha kigae katikati ya bedsita ya pili? Basi mmejibiwa. Njia ya maji taka haijengewi juu. Siku ikiziba, sakafu hiyo itavunjwa na mpangaji wako atakuwa ndani.

Tukija kwenye hizo bedsita zenyewe, muulizeni muuzaji ramani iliyoidhinishwa na kaunti. Si mchoro wa fundi kwenye karatasi ya daftari. Ramani yenye idhini. Kama hana, mnanunua mezoneti tu, na bei izungumzwe kama ya mezoneti tu. Kaunti ikija kuweka alama ya X ya kubomoa kwenye ukuta, dalali hatakuwa na namba inayopatikana. Kwa sababu hiyohiyo, msipige hesabu ya mkopo kwa kodi ya vyumba ambavyo kisheria havipo. Pigeni kwa mishahara yenu. Ikikataa, nyumba hiyo ni ghali kwenu hata kama ni rahisi kwa wengine.

Halafu tazameni pale chumba kipya kinapoungana na nyumba ya zamani. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka. Mjengo wa awali ulichimbiwa msingi wa kutosha. Anayeongeza vyumba vya kodi mara nyingi hana subira hiyo, anachimba futi mbili anamwaga simiti. Mvua za Machi hadi Mei zikija, kipande kipya kinainuka, cha zamani kinatulia, na ufa unafunguka kati yao. Pitisheni kidole kwenye maungio hayo kutoka juu hadi chini. Mkihisi utepe laini wa silikoni chini ya rangi, kuna ufa uliozibwa. Ufa mwembamba wa plasta haunisumbui. Unaoanza kwenye pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari, na upana wake unaingiza sarafu ya shilingi 10, huo mwiteni mhandisi kabla ya wakili.

Inueni pia macho. Kwa mgao wa maji wa Nairobi kila mtu ameweka tangi juu, na si kila bamba la zege lilipigiwa hesabu ya kulibeba. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Kama limekalishwa juu ya jiko la zamani, ingieni jikoni mtazame dari.

Karatasi ni kazi ya wakili wenu, wala si wakili mliyeletewa na dalali, lakini maswali ulizeni nyinyi. Ardhi ya huko ni ya kukodishwa na serikali kwa muda, kwa hiyo someni mwaka ulioanza na idadi ya miaka. Ukiwa ulianza 1975 kwa miaka 99, unaisha 2074. Leo mmebakiwa na nusu hivi, na benki itaiangalia nusu hiyo kwa makini kuliko itakavyoangalia jikoni. Upekuzi wa hati ufanywe kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, na ufanywe na upande wenu. Nakala ya upekuzi aliyokuja nayo dalali iacheni mezani kwake. Wakili adai cheti cha kuthibitisha hakuna deni la reti, yaani ada ya ardhi inayolipwa kaunti, na cheti kingine cha kodi ya ardhi ya serikali kuu. Hayo ni madeni mawili tofauti, na muuzaji aliyelipa moja hupenda kuonesha risiti hiyo moja kana kwamba imemaliza yote. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake iandikwe; Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mmoja kimyakimya.

Amana? Kwa desturi ni asilimia 10, inalipwa mkataba ukishatiwa saini, na inakaa kwa wakili. Wiki hii msilipe kitu. Wiki hii fungueni chemba.

SWALI: Mzee, kuna mama mmoja Jericho anahama kurudi nyumbani mashambani. Yuko tayari kuniuzia nyumba yake ya kaunti kwa laki sita, anipe na ufunguo na kadi ya kodi. Jirani wawili wamenihakikishia kwamba ndivyo watu wote hununua huko. Ni salama? — *Kijana wa Jogoo Road*

JIBU: Hapana, mwanangu. Mama huyo ni mpangaji. Nyumba za Jericho, kama za Maringo, Bahati na Kaloleni, ni mali ya kaunti, iliyozirithi kutoka Baraza la Jiji. Atakachokuuzia ni ufunguo, na ufunguo hausajiliwi popote. Uliona Pangani: nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa, ghorofa zikasimama mahali pake, na mazungumzo ya nani apewe nini yalikuwa kati ya serikali na wapangaji walio kwenye orodha. Wewe hutakuwa kwenye orodha. Jirani zako hawadanganyi wanaposema wengi wamefanya hivyo. Waulize tu ni nani kati yao amewahi kukopa benki kwa nyumba hiyo.

Ipo mitaa ya Eastlands ambako wapangaji waliuziwa nyumba na jiji kwa mpango wa kulipa polepole, na baadhi yao sasa wana hati. Huko unaweza kununua. Dai hati, si kadi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimenunua banglo ya zamani South C na nimebaki na laki tisa za ukarabati. Mke wangu anataka jikoni mpya. Fundi anasema tuanze na vigae sakafu nzima kwa sababu ile terazo imepitwa na wakati. Paa ni la asbestosi, na shemeji ananiambia nilitoe haraka. Nianzie wapi? — *Baba Mapacha, South C*

JIBU: Marahaba. Kwanza huyo fundi wa vigae mwambie apumzike. Terazo yako, ile sakafu ya simiti na vipande vya mawe, imekaa miongo na itakaa mingine. Kodi mashine ya kusugua, izibwe mashimo madogo, ipigwe msasa na kung'arishwa. Itakugharimu sehemu ndogo ya bei ya vigae, na itakuwa nzuri kuliko vigae. Sijui ni nani aliyewafundisha mafundi wetu kuona haya terazo.

Kuhusu paa, shemeji yako ana nia njema na ushauri wa hatari. Asbestosi hudhuru mapafu pale nyuzi zake zinaporuka hewani, na zinaruka ukiikata, ukiitoboa, ukiivunja au ukiipiga brashi. Shiti nzima isiyopasuka, iliyotulia juu, ni bora kuliko ileile ikivunjwavunjwa na vijana wawili wenye nyundo huku mapacha wako wakicheza uani. Kama haivuji, iache na usimruhusu mtu kupanda kufunga antena wala paneli ya sola. Anza kuweka akiba ya kuitoa yote kwa mpigo, na kazi hiyo ifanywe na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa sababu takataka zake nazo zina mahali maalumu pa kuzikwa. Kama imeshapasuka au inavuja, basi mambo yote mengine yangoje, hata mke.

Tuseme haivuji. Kesho asubuhi, kabla mtu hajatumia maji, fungua mfereji wa jikoni ukinge kwenye sufuria nyeupe. Maji yakianza na rangi ya chai kisha yakatakata, mabomba yako ni ya chuma na yameoza kwa ndani. Nimewahi kukata kipande cha bomba la nusu inchi nikakuta tundu lililobaki halipitishi kalamu ya risasi. Ukiweka jikoni mpya juu ya bomba hilo, utakuja kuvunja vigae vyako mwenyewe. Badilisha yote kwa mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Na usikubali yafukiwe ukutani pasipo lazima. Yapitishwe nje nyuma ya nyumba, yafungwe vizuri, ili kesho yakivuja uyaone.

Baada ya maji ni stima. Zima swichi kuu, kisha mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, uione leseni yake kwa macho yako, afungue soketi moja ya sebuleni na taa moja ya chumbani. Kama mpira wa waya unakatika kama biskuti ukiugusa, au hakuna waya wa athi, ule unaoenda ardhini, nyaya zote zitoke. Bafuni kwako bila shaka kuna heta ya kupasha maji ya kuoga papo hapo. Mashine hiyo hula kilowati 5 au zaidi. Ipewe waya wake peke yake, wa milimita 6 za mraba, kutoka kwenye boksi la stima, na swichi yake. Nyumba za zamani hazikuijua mashine hiyo, na mtu aliyekuja kuifunga baadaye mara nyingi aliidandia kwenye waya wa taa.

Kuhusu rangi: mbao za milango na madirisha ya zamani huenda zilipakwa rangi ya mafuta yenye madini ya risasi. Zisiparuliwe kavu. Lowesha, sugua, futa, na mapacha wakalale kwa nyanya yao siku hizo.

Kitakachobaki kwenye laki tisa ndicho cha jikoni, na mama mapacha ahusishwe tangu mabomba yanapochorwa, kwa sababu pale atakapotaka sinki ndipo bomba litakapotokea. Akipachagua sasa atapata jikoni lake hata kama makabati yatakuja mwakani.

SWALI: Mzee, ushuru wa nyumba analipa nani, anayeuza au anayenunua? — *Mwenye Haraka, Umoja*

JIBU: Wote wawili, kila mtu wake. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini, na hesabu hufuata thamani atakayotoa mthamini wa serikali. Nyumba ikithaminiwa milioni 8, andaa 320,000 nje ya bei na nje ya ada ya wakili. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyopata. Zamani ilikuwa 5. Akikuomba mwandike bei ndogo kwenye mkataba ili apunguziwe hiyo 15, kataa, kwa sababu siku utakapouza wewe, hiyo bei ndogo ndiyo KRA, mamlaka ya kodi, watakayoanzia kukuhesabia faida yako.